Kuku wanahara, wanakoroma, wanakufa: kutafuta chanzo kabla ya kununua dawa

"Kuku wangu wanahara, niwape dawa gani?" Wanaohudumia wafugaji wa kuku Pwani na Dar es Salaam hulisikia swali hili kila siku, na likija peke yake hakuna anayeweza kulijibu kwa haki. Kuhara huletwa na Gumboro, ugonjwa wa kirusi, na koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na homa ya matumbo ya kuku, na mdondo, na minyoo, na chakula chenye ukungu, na hata joto la mchana linalowafanya kuku wanywe maji kupita kawaida. Dawa inayotibu mojawapo haigusi yale mengine, na nyingine huzidisha madhara. Mfugaji akianza na unga wowote aliopewa dukani, siku tatu zinapita, fedha inakwenda, na ugonjwa wenyewe umeshazunguka banda zima.

Kwa hiyo tuanze na unachokiona bandani, kisha turudi nyuma kwenye chanzo. Nazungumzia kuku wa biashara, wa nyama na wa mayai, wanaofugwa ndani, kuanzia mia kadhaa hadi maelfu machache.

Kwanza umri, kasi ya vifo na daftari

Umri wa kundi hupunguza orodha haraka. Kifaranga wa siku nne hafi kwa koksidiosisi, maana vimelea vyake havijapata muda wa kuzaliana tumboni. Gumboro hushambulia zaidi kati ya wiki ya tatu na ya sita. Mareksi, ugonjwa unaopoozesha miguu, huanza kuonekana kuanzia wiki ya sita na huweza kuendelea mpaka mitetea inapoanza kutaga. Homa ya matumbo huwasumbua zaidi wakubwa.

Kasi ya vifo nayo ina lugha yake. Gumboro hupanda ghafla, hufika kileleni siku ya tatu au ya nne, kisha hushuka, na kwa kawaida ndani ya wiki moja vifo vimekoma. Mdondo, ambao wengine huuita kideri au Newcastle kama ulivyoandikwa kwenye chupa za chanjo, ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa hupanda na unaweza kuacha banda karibu tupu. Homa ya matumbo huchukua wawili leo, watatu kesho, mmoja keshokutwa, wiki baada ya wiki. Joto huua alasiri moja, wanene kwanza, na usiku ukipoa vifo vinakoma.

Haya yote yanaonekana kama una daftari. Kila siku andika waliokufa, kilo za chakula, lita za maji na mayai. Maji ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kuku mwenye afya hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na zaidi ya hapo wakati wa joto. Mara nyingi unywaji hubadilika kabla hujaona kuku hata mmoja amejikunyata. Mfugaji asiyejua kuku wake walikunywa kiasi gani juzi amepoteza siku nzima ya kuwahi tatizo, na siku moja kwa kuku ni kubwa.

Vifaranga wanakufa wiki ya kwanza

Kufa kwa takriban kifaranga mmoja katika kila mia kwa wiki hii ya kwanza ni jambo la kawaida. Wakizidi hapo, usiwaze ugonjwa kwanza. Angalia walivyolala. Wakirundikana chini ya taa au kuzunguka jiko, wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku midomo iko wazi na mabawa yameachia, wanaungua. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Siku za kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi usawa wa migongo yao, kisha unapunguza nyuzi mbili au tatu kila wiki. Saa 24 baada ya kuwasili, papasa magole ya vifaranga kadhaa, yaani vifuko vya chakula chini ya shingo: yawe yamejaa na laini. Gole gumu maana yake amekula bila maji, na gole tupu maana yake chakula hajakiona.

Jiko la mkaa linahitaji neno lake, kwa kuwa wengi wetu tunalitumia umeme unapokatika. Ukiziba turubai mpaka juu, vifaranga husinzia na kufa bila kuhara wala kukoroma, na ukimpasua mmoja damu yake ni nyekundu ya kung'aa kuliko kawaida. Hiyo ni sumu ya gesi ya mkaa, na mtu anayelala humo kuwalinda yuko hatarini vilevile. Washia mkaa nje mpaka ushike wote ndipo uingize jiko, na acha nafasi ya hewa juu ya turubai.

Kitovu kibichi, cheusi, kinachonuka, pamoja na tumbo lililovimba, ni maambukizi yaliyoanzia kwenye kiangulio au masanduku machafu. Mjulishe aliyekuuzia siku hiyohiyo. Kinyesi cheupe kilichogandia kwenye kinyeo, na vifo vinavyoendelea hadi wiki ya pili au ya tatu, vinaleta shaka ya pulorumu, ugonjwa wa bakteria ambao hupita kwa mama kuingia kwenye yai. Vifaranga wanaohema kwa midomo wazi bila sauti yoyote mara nyingi wamevuta ukungu wa maranda yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukishika maranda na kunusa, utajua.

Wanahara, na wana wiki tatu hadi sita

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu Gumboro na koksidiosisi huja umri uleule, kuku hujikunyata vilevile, manyoya husimama vilevile. Tofauti ya nje ipo. Gumboro huleta kinyesi cha majimaji cheupe, manyoya ya kuzunguka kinyeo huchafuka, na kuku hujidonoa hapohapo. Wengi huugua ndani ya siku moja au mbili. Koksidiosisi huanza na wachache, hasa pale maranda yalipolowa chini ya vyombo vya maji, na kinyesi kinaweza kuwa na damu au ute wa rangi ya chungwa. Damu isipoonekana, usiifute koksidiosisi. Aina zake kadhaa hazitoi damu ya kuonekana kabisa.

Mpasue aliyekufa karibuni. Vaa glovu, mlaze juu ya mfuko wa chakula mtupu, mbali na banda. Kata ngozi kati ya paja na tumbo pande zote mbili, vunja mapaja kwa kuyasukuma nje mpaka alale bapa, kisha vuta ngozi ya kifua kuelekea shingoni. Tazama nyama ya kifua na mapaja kabla ya kufungua tumbo. Ukiona michirizi na madoa ya damu ndani ya msuli, Gumboro inakuja mbele. Sasa fungua tumbo, fuata utumbo mpaka mwisho, na utafute kifuko kidogo cha mviringo kilicho juu ya kinyeo, upande wa mgongo. Siku za mwanzo za Gumboro kifuko hicho huvimba, hufunikwa na ute wa njano unaofanana na jeli, na kikikatwa huweza kuwa na damu ndani. Baada ya wiki moja hivi hunywea na kuwa kidogo kuliko kawaida.

Ukimaliza hapo, tafuta vile viutumbo viwili virefu vilivyoziba ncha moja. Vikiwa vimejaa damu au donge la damu iliyoganda, umeikuta koksidiosisi. Utumbo wa kati uliovimba kama puto na wenye madoadoa yanayoonekana kwa nje ni koksidiosisi ya aina nyingine.

Tofauti hii ina uzito kwenye tiba. Gumboro ni kirusi, hakuna dawa inayokiua. Unachoweza kufanya ni kuwapa maji safi muda wote, vitamini na elektrolaiti (chumvichumvi za kutia majini), joto la kutosha, na kuwaacha watulie. Dawa za salfa, zinazonunuliwa sana kwa kuhara, huzielemea figo, na Gumboro imeshaziumiza figo hizo. Ndiyo maana kundi la Gumboro likipewa salfa linaweza kufa zaidi. Koksidiosisi inatibika, kwa amproliamu au toltrazurili, kwa kipimo cha kwenye lebo na kwa siku zote zilizoandikwa. Amproliamu hufanya kazi kwa kukinyima kimelea vitamini B1, kwa hiyo usichanganye maji hayohayo na unga wa vitamini. Vitamini zifuate dozi ikiisha.

Na maranda yaliyolowa yatolewe siku hiyo. Vijiyai vya koksidia vinahitaji unyevu, joto na hewa, na kwa siku moja hadi mbili vinakuwa tayari kuambukiza. Dawa za kawaida za kusafishia banda haziviui. Ukitibu kuku ukaacha maranda mabichi, wiki ijayo utanunua dawa ileile.

Wakihara kuku wakubwa, kinyesi cha kijani au cha njano kinaelekeza kwenye mdondo au homa ya matumbo. Kwenye mdondo mara nyingi kuna damu kwenye vitezi vya kile kifuko kilichotangulia firigisi, lakini kutokuiona hakuufuti ugonjwa. Kwenye homa ya matumbo ini limevimba na kuchukua rangi ya shaba yenye kijani. Antibiotiki sahihi hupunguza vifo vya homa ya matumbo, ila kuku waliopona hubaki na bakteria na kuendelea kuambukiza wenzao. Kundi la namna hiyo lisichanganywe na lingine wala lisitumike kuangulisha.

Wanakoroma, nyuso zimevimba

Kabla ya kumlaumu mdudu, chuchumaa bandani mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kuku na ukae dakika chache. Macho yakikuwasha, kinachowaumiza kwanza ni amonia, gesi kali inayotoka kwenye maranda mabichi. Fungua pazia, toa maranda, na uangalie tena kesho.

Hewa ikiwa safi, tenganisha hivi. Mafua ya kuku ya bakteria husambaa ndani ya siku chache: uso huvimba chini ya jicho, jicho hufunga, pua hutoa ute mzito wenye harufu mbaya ambayo ukishaisikia mara moja hutaisahau. Vifo ni vichache, lakini mayai hushuka sana. Ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaosababishwa na bakteria aitwaye maikoplazima huenda polepole, kukoroma husikika zaidi usiku banda likitulia, na kundi hudhoofika kwa wiki kadhaa. Ukipasua unaweza kukuta utando mweupe umefunika moyo na ini. Utando huo ni kazi ya bakteria wa E. coli, na kwa kawaida hao ni wageni wa pili. Maikoplazima, amonia au kirusi ndiyo iliyowafungulia mlango. Tailosini husaidia maikoplazima, mafua hujibu dawa nyingine, na daktari wa mifugo ndiye wa kuchagua.

Kundi likianza kupiga chafya ndogondogo siku tatu hadi tano baada ya chanjo hai ya mdondo, na bado linakula na kunywa vizuri, huo huwa ni mwitikio wa chanjo. Waache. Vidonda vikavu kama chunjua kwenye upanga wa kichwani, ndevu na kope ni ndui, inayobebwa na mbu.

Shingo imepinda, miguu haina nguvu

Shingo iliyopinda, kuku anazunguka au anaangalia juu, na wengine wanahara kijani: mdondo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuku wa zaidi ya wiki sita aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mmojammoja kwa wiki kadhaa: Mareksi, isiyo na tiba, ambayo chanjo yake hutolewa siku ya kwanza kwenye kiangulio. Kabla ya kulipa vifaranga, uliza kama wamechanjwa Mareksi, na uombe iandikwe kwenye risiti.

Mayai yamepungua

Kwa kuku wa mayai, nusu ya safari za dukani zingeepukika kwa kuuliza maswali ya bandani kwanza. Mabomba yaliziba? Tangi lilikauka jana mchana? Umebadilisha chakula, au fundi wa kuchanganya amepunguza dagaa na mashudu? Kuku wa mayai anahitaji takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuna mwanga wa kutosha? Huku kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na kuku anayetaga anahitaji kufikia saa 16 hivi, kwa hiyo taa ya saa tatu au nne ni sehemu ya ulishaji. Umeme ukikatika jioni kadhaa mfululizo, mayai hushuka bila ugonjwa wowote.

Haya yakiwa sawa, shika mayai yenyewe. Ganda lenye makunyanzi na ute mweupe uliolegea kama maji huelekeza kwenye bronkaitisi ya kuku, ugonjwa wa kirusi wa njia ya hewa. Mayai laini au yasiyo na ganda kabisa, kwa kuku wanaoonekana wazima na wanaokula, huleta shaka ya ugonjwa wa kushuka kwa utagaji; lakini angalia kwanza chokaa kwenye chakula, kwani kalisi ikipungua ganda nalo hulegea. Ganda lililopauka ghafla na utagaji kuporomoka kwa kundi lililochanjwa nusunusu unaweza kuwa mdondo, bila hata kifo kimoja.

"Nilichanja, lakini wamekufa"

Malalamiko haya ni ya kweli, na huwa naumia kuyasikia, maana mfugaji alitumia fedha na muda wake. Mara nyingi chanjo ilikufa kabla ya kufika kwa kuku.

Fuatilia njia yake. Ilitoka dukani ikiwa kwenye barafu, au kwenye mfuko wa plastiki, juani juu ya pikipiki? Chanjo hai nyingi zinahitaji nyuzi 2 hadi 8. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, huvumilia joto kuliko nyingine, lakini nayo haitakiwi kuachwa juani. Ulichanganya na maji gani? Maji ya bomba yenye klorini huua virusi vya chanjo. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, usubiri nusu saa ndipo utie chanjo. Vyombo viwe vya plastiki, vilivyooshwa bila sabuni wala dawa. Alfajiri waondolee maji kwa muda wa saa moja hadi mbili, kisha wape kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Kipimo rahisi kwa kuku 1,000: idadi ya lita iwe sawa na umri wao uliohesabiwa kwa siku, yaani siku ya 14 lita 14. Vyombo viwe vingi, wanyonge nao wafike.

Halafu tarehe. Ratiba inayofuatwa na wengi ni mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, ndui kwa sindano ya bawani kati ya wiki ya 6 na ya 8, na mdondo kurudiwa kila miezi mitatu kwa kuku wa mayai. Eneo lenye Gumboro kali huhitaji tarehe tofauti, kwa sababu kinga aliyotoka nayo kifaranga kwa mama ikiwa bado juu huizuia chanjo, na ikiwa imeshuka mapema kirusi kinatangulia. Kwa ndui, kagua mabawa siku ya 7 hadi ya 10: pasipo na kivimbe palipochomwa, chanjo haikushika na irudiwe.

Kuna sababu nyingine isiyozungumzwa vya kutosha: mahindi yenye ukungu. Sumukuvu huumiza ini na kupunguza kinga, na chanjo nzuri haiwezi kujenga kinga kwenye mwili huo. Kundi lililopita kwenye Gumboro nalo huitikia vibaya chanjo zote zinazofuata.

Ugonjwa uliingiaje?

Trei za mayai zinazozunguka sokoni na kurudi. Mnunuzi wa mbolea mwenye mifuko iliyotoka banda la jirani. Fundi wa kukata midomo. Kuku wa kienyeji wanaookota chakula mlangoni. Kijana wa banda anayefuga wake nyumbani. Hawa ndio wa kuwadhibiti, na gharama yake ni ndogo: viatu vya bandani visivyotoka bandani, trei za plastiki za kwako zinazooshwa, biashara zote kufanyika getini, wavu wa kuzuia ndege, na kuhudumia wadogo kabla ya wakubwa, wazima kabla ya wagonjwa. Dimbwi la dawa mlangoni halisaidii likiwa na tope. Badilisha dawa kila siku na viatu vipigwe brashi kwanza.

Kati ya kundi na kundi, toa mbolea yote, osha kwa sabuni, acha pakauke, ndipo upulize dawa, na uache banda tupu wiki mbili au zaidi. Kirusi cha Gumboro huweza kuishi bandani zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo kupuliza dawa juu ya mavi makavu hakukusaidii.

Waliokufa wachomwe au wafukiwe shimoni. Wasiuzwe, wasitupwe mtoni, wasipewe mbwa. Na mayai ya kuku walio kwenye dawa yasiende sokoni mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo uishe. Yanaliwa na watoto wa watu.

Wakati wa kuacha kubahatisha

Vifo vikizidi maradufu kwa siku mbili mfululizo, mwite mtaalamu. Ukiona vifo vya ghafla vya wengi, vichwa vimevimba, panga na ndevu zimekuwa za bluu iliyoiva, miguu ina madoa ya damu, usipasue kuku hata mmoja. Mafua makali ya ndege huambukiza binadamu, na Januari 2017 yalithibitishwa Uganda, kwenye ndege wa porini na wa kufugwa kandokando ya Ziwa Viktoria. Funga geti, usiuze wala usihamishe chochote, na umpigie ofisa mifugo wa kata au wilaya mara moja.

Kwa matatizo mengine, peleka sampuli maabara: TVLA pale Temeke au vituo vyake vya kanda, au Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Chukua kuku wawili watatu wanaoumwa lakini bado hai, ambao hawajapewa dawa, na waliokufa siku hiyohiyo. Waliokufa wafungwe kwenye mifuko miwili na kuwekwa kwenye barafu, usiwagandishe. Karatasini andika umri, idadi ya kundi, vifo vya kila siku tangu kuanza, chanjo na tarehe zake, dawa ulizotoa, na chakula unachotumia. Kama umeshawapa antibiotiki, sema hilo kwanza, kwa sababu itabadilisha kile kitakachoota maabara.